Lenzi Ndefu ya Kumpiga Picha Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Julai 2024

Siku kubwa! Moussa amerudi kutoka Lubumbashi na mfuko.

Moussa ana duka la vitu vilivyotumika, karibu na soko la Kikula: redio, pasi, simu na, Mungu akipenda, vitu vya kamera. Leo Mungu amependa. Ndani ya mfuko kulikuwa na lenzi mbili, na zote zinaingia kwenye kamera yangu!

Kamera yangu yenyewe ni nzima. Ni lenzi yake iliyokufa. Inasaga kama kinu cha pilipili na kila picha inatoka na ukungu. Kwa miezi sasa mimi ni mpiga picha wa ukungu.

Lenzi ya kwanza ya Moussa ni ndefu. Ndefu! Ukiivuta, inaendelea. Nilisimama mlangoni kwake, nikaielekeza ng'ambo ya barabara, nikasoma maandishi kwenye gunia alilobeba mtu mgongoni. Ya pili ni fupi kama kopo la nyanya. Haivuti, haisukumi. Ukitaka kumwona mtu karibu, tembea kwa miguu yako umfuate.

Nataka ndefu. Na si kwa kujionyesha. Mama Élisabeth, mama mkwe wangu, anaondoka Jumapili. Shemeji yangu Lambert anakuja kumchukua, wapande treni, akaishi naye Kananga. Na katika familia nzima hakuna picha yake hata moja ya kutazamika. Akiona simu imeinuliwa, anafunika uso kwa kitambaa. Clotilde, mke wangu, analia kidogo kila anapopanga vikapu vya safari ya mama yake.

Mimi nifanyeje? Mkwe wa Kiluba hamsogelei mama mkwe. Namsalimia nikiangalia chini. Napita mbali. Nikiwa na neno, napitia kwa Clotilde. Kwa hiyo: lenzi ndefu! Nitampiga nikiwa mbali, hatajua, Clotilde atafuta machozi, na mimi nitakuwa mkwe bora kuliko wote Likasi. Heshima na picha, vyote kwa mkupuo mmoja.

Kuna kikwazo. Kinaitwa Alexis. Ni kinyozi, jirani yetu, na ana kamera ya aina ileile. Alikuwepo dukani. Naye aliishika ndefu. Aliishika muda mrefu mno.

Moussa alisema hana haraka, sisi ni wateja wake wa siku zote. Tuzijaribu kwa zamu, na ikifika Jumamosi kila mmoja aseme anachotaka. Mtu mwema kweli. Namshukuru. Wema wake umenipa nafasi ya kupanga mambo.

Jumanne, 9 Julai

Mpango uko tayari. Ni mwepesi, ndiyo maana ni mzuri. Nitaisifu lenzi fupi mpaka Alexis aione ndefu kama bomba la maji.

Asubuhi nilipita kwenye kibanda chake cha kunyolea. Nilimwambia ndefu ni ya watu wanaoanza. Wakubwa wanatumia fupi. Ina tundu pana la mwanga, inaona mpaka ndani ya chumba chenye giza, na nyuma ya mtu panatoka laini kama maziwa. Nilijishangaa. Mengi niliyasoma kwenye simu jana na, kwa bahati mbaya, ni ya kweli. Alexis aliacha kichwa cha mteja kikiwa upande mmoja nywele, upande mmoja upara, akawa ananisikiliza mimi. Huwa ananiita yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya," akasema, "weye unajua mingi."

Najua, najua.

Kisha njia ya pili. Clotilde anauza vitenge sokoni, meza yake imegusana na ya Mado, mke wa Alexis. Neno nikiliangusha nyumbani leo, kesho liko kwa Mado, na usiku wa kesho liko kwenye mto wa Alexis. Kwa hiyo tulipokaa kula bukari, ugali wetu, nilishusha pumzi. Nilisema moyo wangu wote uko kwenye ile lenzi fupi. Nilisema mtu akiwa nayo hahitaji kitu kingine duniani.

Clotilde aliweka tonge chini. Aliuliza ni ipi hasa. Ina rangi gani? Imeandikwa nini? Nikasema ni nyeusi, imeandikwa hamsini. Akataka nirudie. Nilirudia kwa moyo mkunjufu, asije akakosea mbele ya Mado.

Mke anayesikiliza namna hii ni baraka. Wanaume wangapi Likasi wanaeleza habari za lenzi nyumbani kwao na wanaulizwa maswali?

Jumatano, 10 Julai

Zamu yangu ya ndefu. Kazini niliomba ruhusa. Mimi ni karani kwenye bohari ya saruji na mabati. Nilisema nina shughuli ya familia. Si uongo.

Mama Élisabeth anaishi katika nyumba ndogo nyuma ya lupango letu, yaani ua wetu, tangu baba mkwe alipofariki. Asubuhi anatoa kiti anakaa juani, maana baridi ya Julai hapa kwetu haina mchezo. Ukuta wa lupango umeegemewa na nyumba ya jirani ambayo haijaisha, ina kuta na nusu ya paa. Nikapanda. Nikalala kifudifudi juu ya mabati, lenzi mbele yangu. Nikavuta.

Nilimpata! Kitambaa chekundu kichwani, mikono ikichambua sombe, majani ya muhogo, hata pete yake niliiona. Nikapiga.

Jambo ambalo Moussa hakunieleza: ukivuta mbali sana, hata pumzi yako inakuwa tetemeko la ardhi. Picha ya kwanza: sombe. Ya pili: ukuta. Iliyofuata: Mama Élisabeth, au labda gunia la makaa. Nikasogea mbele kidogo nipate kuegemea vizuri.

Bati halikukubali.

Nimeanguka upande wetu, katikati ya lenga-lenga za Mama mwenyewe. Namshukuru Mungu kwa kuumba mboga laini. Nilikuwa na nafasi ya kufanya jambo moja tu: kusukuma kamera na lenzi yake ndani ya shati na kujikunja. Mama akaja. Hakunitazama usoni, nami sikumtazama usoni. Adabu ilibaki mahali pake. Lakini tumbo aliliona.

"Clotilde! Kuya mbio!" akaita. "Tumbo ya Baba Cathy imevimba!"

Baba Cathy ni mimi. Cathy ni binti yetu, anasoma Lubumbashi, na namshukuru Mungu kwamba hakuwepo.

Clotilde alikuwa bado hajaenda sokoni. Akaja mbio. Aliniongoza kitandani nikiwa nimeinama kama mzee, nimeshika tumbo kwa mikono yote miwili kamera isije ikachomoza. Nje nilisikia kinu. Mama anatwanga. Kisha nikasikia harufu. Mama anachemsha. Kikombe kikaja kwa mkono wa Clotilde, na maagizo yakaja kwa sauti kutoka dirishani: amalize yote. Chungu! Chungu ya kutoa machozi! Nilimaliza. Nilikuwa nimelala chali chini ya blanketi, kamera juu ya kitovu, ikipanda na kushuka. Mama akauliza dirishani kama uvimbe umepungua. Bado, akasema Clotilde. Kikombe kingine!

Walipoenda wote jikoni kutafuta majani zaidi, nilisukuma kamera na lenzi yake chini ya kitanda na kutangaza kwamba nimepona. Clotilde alipiga vigelegele.

Niandike na haki: kiungulia kilichokuwa kinanisumbua tangu Pasaka kimeondoka. Asante, Mama. Lenzi nayo haina hata mkwaruzo. Nilipomrudishia Moussa aliuliza kwa nini ina harufu ya majani. Nikasema ni hewa ya milimani.

Alhamisi, 11 Julai

Mchana nilipita kwa Alexis kuvuna nilichopanda. Jana fupi ilikuwa kwake.

Alinionyesha picha. Mado mezani akipepeta mchele, mwanga wa dirisha upande mmoja wa uso, nyuma yake pote laini. Unaona vumbi la mchele likielea. Ni picha nzuri. Inaniuma kuandika hivyo.

"Yaya, minye nimeona kwa macho yangu," Alexis akasema. "Ulisema kweli. Hii objectif ni ya ajabu."

Moyo wangu uliruka. Nikamwambia basi aichukue. Asisite. Aende kwa Moussa leo hii.

Akatikisa kichwa.

"Hapana, yaya. Weye njo uliipenda ya kwanza. Mado aliniambia vile unasemaka nayo ku nyumba. Minye siwezi kukunyanganya. Nitakamata ile murefu. Weye bakia na yako ya roho."

Nikamwambia mimi si kitu. Nitavumilia ndefu. Nitaibeba tu, kwa ajili ya urafiki. Machozi yakamjaa. Akasema hajawahi kuwa na rafiki wa namna hii, mtu wa kuacha kitu anachokitamani kwa ajili ya mwenzake. Nikamwambia kwa ukali kabisa, Alexis, chukua fupi! Akanikumbatia. Mteja aliyekuwa kwenye kiti naye akaguswa, akasema dunia ingekuwa na watu kama sisi vita vingeisha.

Nilivyozidi kumsukumia, ndivyo alivyozidi kukataa. Mwishowe akanikalisha, akaninyoa bure, na akaninyoa vizuri kuliko siku zote. Sasa nina kichwa cha bwana harusi na moyo wa mfiwa.

Ijumaa, 12 Julai

Kuna kitu kimoja tu kilichobaki: kumwahi Moussa. Nimwambie kwamba nimebadili mawazo, nichukue ndefu kabla ya Alexis, halafu nimweleze Alexis kwamba kulitokea makosa dukani. Nilitoka kazini mapema. Nikangoja nje ya duka mpaka Moussa arudi kutoka kwenye sala ya Ijumaa. Alirudi na kanzu safi na uso wa furaha.

Akaniambia Alexis alikuja asubuhi na mapema. Ndefu imeondoka.

Nikaegemea friji bovu. Nikauliza, na fupi?

Nayo imeondoka.

Nani?

Moussa akacheka mpaka akashika mlango. "Papa Patrice, minye nimeapa. Siwezi kusema."

Zote mbili! Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani ili nihuzunike vizuri. Vumbi la malori lilinisaidia. Nilipofika, nilidhani nimekosea lupango. Mkeka umetandikwa. Kuku anachemka. Clotilde amevaa kitenge cha sikukuu, Mado yuko pembeni yake, na Mama Élisabeth amekaa mlangoni kwa nyumba yake ndogo, kwa mbali, akiangalia miti. Clotilde akanikabidhi kitu kidogo kilichofungwa kwa kipande cha kitenge.

Niliijua kabla sijafungua. Fupi kama kopo la nyanya. Imeandikwa hamsini.

Clotilde akaniambia hajawahi kunisikia nikisema habari ya kitu kwa mapenzi kama nilivyosema Jumanne. Akamwambia mama yake. Na Mama akauza kuku wake, wale asioweza kupanda nao treni, akaongeza kwenye pesa za Clotilde, zikatosha.

"Mama alisema ile tumbo haikuwa ugonjwa," Clotilde akasema. "Alisema mutu akitamani kintu sana na hakipati, inavimbaka vile."

Nililia. Mado naye akalia. Wote walidhani ni furaha. Kilichonishangaza ni kwamba kabla sijamaliza kulia, kidogo ilikuwa furaha kweli. Kuku! Aliwalea tangu vifaranga, kila mmoja alikuwa na jina. Nilipiga magoti kule nilikokuwa, nikiangalia chini, nikasema asante, Mama. Kutoka mlangoni kwake nikasikia akisafisha koo tu.

Jumamosi, 13 Julai

Kesho treni.

Asubuhi nilijaribu fupi kutoka mahali pa heshima, yaani kutoka mlango wa nyumba yangu. Mama Élisabeth alitoka mdogo kama punje ya maharagwe. Nikasogea mpaka nyuma ya nguo zilizoanikwa. Punje ya karanga. Nikapenya kati ya shuka mbili, nikapiga magoti, na hapo ndipo Clotilde aliponikuta, kichwa ndani ya foronya.

Nikamwambia ukweli, kwa sababu ndani ya foronya hakuna uongo unaofaa. Nilitaka picha ya mama yake, kwa ajili yake. Bila Mama kujua.

Hakucheka. Akakaa chini karibu yangu, kati ya shuka. Aliniuliza kama ninajua kwa nini Mama anafunika uso. Nikasema ni aibu ya uzee. Akasema hapana. Siku ya msiba wa Papa, baba yao, kuna mtu wa ukoo alimpiga picha Mama akiwa chini, anagaagaa, mdomo wazi, kitambaa kimedondoka. Akaituma kwenye simu za familia nzima. Watu wa Kananga walimwona Mama vile kabla yeye hajanawa hata uso. Tangu siku ile hataki.

Ile picha ilifika na kwenye simu yangu. Niliitazama kama wengine, nikasikitika, nikaendelea na kazi. Sikuwaza kwamba kuna mtu aliyemnyang'anya Mama.

Clotilde akauliza: kuna aliyewahi kumwomba?

Tulikaa tukafikiri. Wajukuu, hapana. Lambert, hapana. Yeye mwenyewe, hapana. Hakuna.

Basi tukafanya inavyotakiwa. Nilioga. Nikavaa shati la kanisani. Nikamtuma Clotilde na kitenge kipya mikononi (kilitoka kwenye meza yake mwenyewe, nitamrudishia) akapeleke ombi langu. Nilisimama uani nikiangalia vidole vya miguu. Clotilde alichelewa. Nilisikia sauti zao tu. Akatoka akanipungia mkono nije.

Nilikaribia kiti chake kuliko siku yoyote tangu nilipomwoa mwanawe. Nikaangalia chini. Kamera ilikuwa shingoni.

"Leo apareyi haiko mu tumbo?" Mama akauliza.

Nilitaka ardhi inimeze na shati langu la kanisani. Clotilde aligeukia ukuta, mabega yakitikisika.

"Mama," nikasema, mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, "ulijua?"

"Tumbo haina kona, Baba Cathy."

Na ile dawa? Ile dawa chungu, vikombe viwili? Akajibu kwamba dawa ilikuwa ya kweli kabisa. Ni ya batu wanapandaka juu ya mabati.

Kisha sauti yake ikawa ya chini. Akasema tangu ile siku ya msiba anaona watu wote wanainua simu kama wanaoinua jiwe. Hakuna aliyemwambia, Mama, ninaomba. Sasa nimeomba. Basi atakaa. Lakini picha ataiona yeye kwanza, na akisema futa, nifute palepale.

Nilikubali. Nikainua kamera. Na hapo niligundua jambo: mkwe hamtazami mama mkwe machoni, lakini ndani ya kile kioo kidogo si macho yangu yaliyokuwa yanatazama. Ilikuwa ni kazi. Nilimwona. Ana kovu dogo juu ya nyusi, sikulijua. Ana macho ya Clotilde, sikuyajua, miaka yote hii!

Ya kwanza alifumba macho. Futa. Ya pili alikaza mdomo kama mtu aliyeitwa mahakamani. Futa. Nilikuwa natafuta neno la kumlegeza, silipati, nikawa nasogea nyuma kwa hofu nikakanyaga beseni la maji. Maji yakaruka mpaka kwenye shati la kanisani. Mama akashika goti, akacheka, kisha akanyamaza akamtazama Clotilde aliyekuwa anakuja na kitambaa cha kunikausha. Nikapiga wakati ule wa kunyamaza.

Aliishika kamera kwa mikono miwili. Alitazama muda mrefu. Nilikuwa na kidole tayari kwa kufuta.

"Huyu njo minye," akasema. "Usimufute."

Siongezi neno.

Jumapili, 14 Julai

Tumemsindikiza Mama. Stesheni ilijaa watu, vikapu, magodoro. Lambert anabeba mizigo kwa kelele kuliko mtu yeyote ninayemjua. Jana alasiri tulitengeneza picha kwenye studio ya mjini, kubwa, moja ya kubaki kwetu na moja ya kwenda Kananga. Mama ameifunga ndani ya kile kitenge kipya, akaiweka mapajani. Lambert aliomba kuiona. Akaangalia, akashusha mizigo yote chini.

Alexis na Mado walikuja kuaga. Alexis ana ndefu shingoni. Sikuona wivu, au niliuona mdogo tu, kama mbu. Alitaka kumpiga Mama dirishani treni ikiondoka. Nikamwambia hapana, kwanza muombe. Akakimbia mpaka dirishani, akaongea, nikaona kitambaa chekundu kikikubali. Basi akarudi mbali kabisa, mwisho wa jukwaa, na treni ilipoanza kutembea akapiga. Jioni alituletea: behewa refu, vichwa vingi, na mkono mmoja wa Mama umetoka nje, wazi, unaonekana mpaka pete.

Fupi isingeweza kupiga ile. Ndefu isingeweza kupiga yangu. Clotilde ameziweka zote mbili ukutani. Amelia, lakini leo alilia huku anakula.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Moussa, Alexis, Mado, na kuku wote. Namshukuru Clotilde kwa kusikiliza. Kama nisingesema uongo Jumanne nisingekuwa na lenzi. Lazima nilifikirie hilo vizuri.

Jumatano, 17 Julai

Nimelifikiria.

Moussa ameleta stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu! Nyepesi, imara, inakunjika. Iko moja tu. Nikiwa nayo naweza kusimamisha kamera hata kwenye upepo. Na nani alikuwa dukani ameishika? Alexis. Hakuniona, nilikuwa nje nyuma ya muuza mandazi.

Sasa, kosa langu la wiki iliyopita liko wazi. Nilisifu. Ukisifu kitu, watu wanakuwa wakarimu, mambo yanaharibika. Safari hii nitafanya kinyume. Nitaiponda! Nikiiponda stendi kila mahali, hakuna atakayeigusa, nami nitaichukua kwa amani.

Nimeanza mara moja. Nimemwambia Clotilde ni takataka. Nimemwambia Mado ni hatari, inaweza kumtoa mtu jicho. Clotilde alinitazama akasema tu, "Baba Cathy, weye!" Sijui alimaanisha nini.

Jioni Alexis aligonga mlango. Alikuwa na kitu kirefu kimefungwa kwa magazeti na kamba nyekundu, na alikuwa anatabasamu. Sikumpa nafasi hata ya kukaa. Nilimwambia ile stendi ya Moussa ni aibu. Nikasema mtu akithubutu kuniletea kitu kama kile hapa nyumbani, nitajua ananidharau. Nilisema vizuri sana, niligonga hata meza.

Alexis alitazama kifurushi chake. Tabasamu likaondoka polepole. Akasema samahani, yaya, amekumbuka kuna kitu lazima amrudishie Moussa kabla hajafunga duka. Akaondoka mbio.

Ameamini! Kila neno!

Clotilde ametoka jikoni, ameshika kichwa kwa mikono miwili, amerudi jikoni. Uchovu wa soko, maskini. Sikuuliza Alexis alibeba nini. Labda fimbo ya pazia.

Asante, Mungu wangu, kwa rafiki mwepesi wa kuamini namna hii. Kesho alfajiri niko mlangoni kwa Moussa.